Visanduku vya Bi Rawiya

Rawiya binti Hamoud alikuwa na ugonjwa ambao hospitali zote za Unguja zisingeuweza: hakujua kupita mbele ya maandishi mabaya akanyamaza. Duka la Darajani likiandika "Vitambaa" na ile A ya mwisho ikalala upande kama mlevi, yeye husimama, akamwita mwenye duka, akamwuliza kwa upole kama herufi yake inaumwa. Wenye maduka walimjua. Wakimwona anakuja na buibui lake na mkoba wake wa ngozi, wengine hukumbuka ghafla kuwa wana kazi stoo.

Hakuwa mkorofi. Ndiyo kazi iliyomlisha. Tangu mwaka 1985, alipoajiriwa akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, Rawiya alikuwa mwandishi wa majina kwenye ramani. Wapima walikwenda shamba, wakarudi na vumbi na namba. Wachoraji wakachora pwani na barabara. Kisha karatasi ikaletwa juu ya meza ya Rawiya, katika ofisi moja ya ramani pale Vuga, na yeye akachukua kalamu ya wino mweusi akaviita vitu kwa majina yao. Jina la ghuba alilipinda kidogo lifuate maji. Jina la kijiji alilisimamisha wima, kwa sababu, alisema, kijiji kina watu na watu wanasimama. Alikuwa fundi, alijua kuwa ni fundi, na hakuona sababu ya kuwaficha wenzake habari hiyo.

Aliwahi kuolewa, kwa muda mfupi. Mumewe alikwenda Maskati kutafuta maisha, akayapata, na maisha yenyewe yakawa na jina la kike. Talaka ikaja kwa barua. Rawiya aliisoma, akairudia tena, na shangazi yake Bi Mwanakheir, aliyekuwa akiishi naye Kiponda, akadhani ni uchungu.

"Mwanangu, muachie Mungu."

"Si hayo, shangazi. Huu mwandiko. Mtu unaacha mke, huwezi hata kuunyoosha mstari?"

Basi akarudi kwenye wino wake, na miaka ikapita bila ya mtu yeyote kumpa sababu ya kuondoka hapo. Mpaka mwaka 2002, yalipokuja maendeleo.

Maendeleo yalikuja kwenye maboksi, kutoka kwa wafadhili, pamoja na mradi wenye jina refu kiasi kwamba lilipoandikwa juu ya mlango lilipinda kona. Mkuu wa ofisi, Bwana Hisham, alikuwa mtu mpole mwenye suti nzuri, na kompyuta alizijua kama alivyoujua mwezi: alishaziona mara nyingi. Siku moja aliwakusanya wafanyakazi akawaeleza mpango. Programu ya kuchorea ramani ilikuwa ghali na nzito mno kuwekwa katika kila mashine, kwa hiyo imewekwa pahala pamoja tu, kwenye kompyuta kubwa iliyopo Dar es Salaam, ndani ya chumba chenye baridi. Huku Unguja watakaa mbele ya kompyuta ndogo, watabonyeza, programu itafanya kazi kule ng'ambo, na kazi yake itaonekana huku kwenye kioo.

Zamani, mtu akitaka kitu cha Dar ilibidi apande boti akakichukue. Sasa kitu cha Dar kitabaki Dar na wewe utakitazama kwa mbali. Wote walikubaliana kuwa hapo ulimwengu umepiga hatua.

"Na majina?" aliuliza Rawiya. "Majina ataandika nani?"

"Majina yataandikwa na fonti," alisema Bwana Hisham, kwa sauti ya mtu aliyejifunza neno hilo asubuhi ile. "Fonti ni herufi zilizokuwa tayari. Hazitaki wino, hazikosei."

Rawiya alizitazama kalamu zake kama mtu anayewatazama wanawe wakati jirani anawatukana.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na halua, kahawa na hotuba, na mgeni rasmi kutoka wizarani, Mheshimiwa mmoja mwenye tumbo la heshima. Rawiya, kwa kuwa ndiye aliyejifunza upesi kuliko wengine, aliambiwa akae mbele ya kompyuta. Akabonyeza alivyofundishwa. Wakasubiri. Kisha polepole, kutoka Dar es Salaam, kikafunguka kisiwa chao chenyewe: bahari ya buluu, matumbawe, barabara nyekundu, vijia, mikoko, vyote vizuri ajabu. Na mahali pa kila jina palikuwa na mstari wa visanduku vidogo vitupu.

Hakuna hata jina moja lililosomeka. Chwaka ilikuwa visanduku. Chukwani ilikuwa visanduku, ila vingi zaidi. Mji Mkongwe wenyewe, pamoja na historia yake yote, ulikuwa safu mbili za visanduku na nafasi katikati.

Mheshimiwa alisogeza miwani. "Hivi vijumba ni nini?"

Rawiya alifungua mdomo aseme ukweli, lakini Bwana Hisham alikuwa keshatangulia.

"Hivyo, Mheshimiwa, ni usalama. Majina yamefichwa. Adui akiiiba hii ramani haambulii kitu."

Mheshimiwa alitikisa kichwa taratibu, kama mtu ambaye siku zote amekuwa na wasiwasi na adui lakini hakupata wa kumweleza. Watu wakapiga makofi. Halua ikaliwa. Gari zilipoondoka, Bwana Hisham alirudi mbio, suti imemganda mgongoni.

"Bi Rawiya, vitoe hivyo visanduku."

"Si umesema ni usalama?"

"Basi utoe usalama!"

Ndivyo Rawiya alivyoanza kumpigia simu mtunzaji wa ile mashine kubwa ya Dar. Alikuwa anaitwa Simai, mtu wa asili ya Tumbatu, na kila akiitwa kwenye simu alijibu "Naam" kwa sauti nzito ya taratibu, kana kwamba hakuna jambo duniani linalohitaji haraka. Sauti hiyo ilimuudhi Rawiya tangu siku ya kwanza.

"Bwana Simai, ramani yako haina majina."

"Haina majina vipi?"

"Ina visanduku."

Kukasikika vidole vinagonga kibodi. "Mimi huku kwangu naiona sawasawa. Majina yote yapo. Nnaisoma Chwaka hii hapa."

"Mimi sikai kwako. Mimi nnakaa Unguja, na Chwaka yangu ni visanduku."

"Labda kioo chako kina tatizo."

"Kioo kina tatizo la herufi peke yake? Bahari kinaionesha, barabara kinazionesha, kinafika kwenye herufi ndiyo kinapofuka?"

Simai alisema atalitazama jambo hilo. Alilitazama, na kesho yake akapiga simu yeye mwenyewe kusema kwamba kwake bado ni sawasawa. Ikawa ndiyo desturi yao. Rawiya akieleza anachokiona, Simai anaeleza anachokiona yeye, na kila mmoja akamwona mwenzake ama mwongo ama hana akili, ila Simai kwa adabu na Rawiya bila ya hiyo.

Walijaribu kila kitu. Aliambiwa azime mashine na kuiwasha, akaizima na kuiwasha. Aliambiwa abadilishe waya, akabadilisha. Aliambiwa apunguze idadi ya rangi kwenye kioo, bahari ikageuka zambarau na visanduku vikabaki vile vile. Aliambiwa aongeze ukubwa wa maandishi. Hilo lilileta mafanikio, kwa maana alipata visanduku vikubwa. Mwenzake mmoja ofisini alishauri kioo kifutwe kwa spiriti. Mwengine alisema mashine imewekwa karibu mno na dirisha na kuna upepo mbaya. Bwana Hisham alisoma mahali fulani kuhusu virusi, akawakataza watu wenye mafua kukaribia kibodi.

Kule Dar, Simai aliamua kuwa fonti ndizo zenye kasoro. Akazifuta, akaziweka upya kwenye mashine yake kubwa. Akaongeza nyengine. Kila alipoongeza alipiga simu kwa matumaini. "Hebu tazama sasa."

"Visanduku."

"Nimeweka za aina mpya kabisa."

"Basi ni visanduku vya aina mpya kabisa."

Kuiwasha programu upya kulichukua muda, na wakati huo wote simu ilikuwa wazi, kila mmoja anasubiri. Watu wawili hawawezi kusikilizana wakipumua mchana kutwa bila ya kusema kitu. Rawiya aliuliza siku moja ile ngurumo inayosikika nyuma yake ni nini.

"Kiyoyozi. Mashine inataka baridi. Mimi hapa nimevaa sweta."

"Sweta? Dar? Mwezi wa pili?"

"Na soksi juu ya soksi. Nikitoka nje watu wananitazama kama mgonjwa wa homa."

Rawiya alicheka kabla ya kujizuia, kisha akakasirika kwamba amecheka, akamuuliza kwa ukali programu ishafunguka au bado. Lakini siku nyengine alijua kuwa Simai alifiwa na mkewe kitambo, kwamba anakaa peke yake Kariakoo, na kwamba anapika samaki wake mwenyewe kwa sababu watu wa Dar, alidai, hawajui kukamua nazi. Simai naye alijua kuhusu kalamu na wino, na kuhusu A iliyolala ya Darajani. Kuhusu Maskati hakuuliza, na Rawiya aliliona hilo.

Kwa vile tatizo lilizidi kukomaa, wafadhili walileta mshauri kutoka kwao. Alikuwa kijana mrefu mwenye jua la kutosha usoni, akafikia hoteli ya pwani ya mashariki, kwa kuwa huko, alieleza, kuna utulivu wa kufikiri. Alikuja Vuga asubuhi moja, akavitazama visanduku, akasema "Interesting," akavipiga picha. Kisha akaenda kufikiri. Ripoti yake ilikuja na jalada la rangi. Ilisema kwamba watumiaji hawajapata mafunzo ya kutosha, na ikapendekeza yafanyike mafunzo, na mshauri, na ikiwezekana awe yule yule.

"Mafunzo ya nini?" Rawiya alimuuliza Bwana Hisham. "Nifundishwe kusoma visanduku? Nshajua. Hivi vinne ni Paje. Hivi vitano ni Fumba, au Pongwe ikikosa herufi moja."

Wizarani, wakati huo, walikuwa wanataka ramani. Hawakutaka kujua habari za fonti. Basi Rawiya akafanya alilolijua. Aliitoa ramani kwenye mashine ya kuchapa, na visanduku vyake vyote, akaitandaza mezani, akavikwangua vile visanduku kwa wembe kimoja kimoja, akachovya kalamu yake, akaandika majina kwa mkono kama alivyofanya tangu alipokuwa msichana. Bwana Hisham aliipokea, akaipeleka wizarani, akasema kompyuta imeitoa. Ikasifiwa sana. Wakaagiza nyengine, na nyengine tena, na Bwana Hisham akapongezwa kwa namna alivyoachana na mambo ya kizamani ya wino.

Nakala moja ilifika mpaka Dar. Siku ile ni Simai aliyepiga simu, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa na haraka.

"Bi Rawiya, mbona hamkunambia kuwa mmepata?"

"Tumepata nini?"

"Fonti! Nnayo ramani yenu mbele yangu. Majina yote yamo, na fonti yenyewe sijapata kuiona nzuri kama hii. Nimeitafuta kwenye mashine yangu asubuhi yote, haimo. Inaitwaje?"

Rawiya alijiegemeza kwenye kiti. Alikuwa na miaka ya kusifiwa nyuma yake, lakini kwa sifa za kupita, za watu wanaotazama ramani kutafuta njia. Huyu alikuwa ameyatazama majina yenyewe asubuhi nzima.

"Inaitwa Rawiya," alisema.

Kule upande wa pili kiyoyozi kilinguruma kwa muda mrefu.

"Umeandika kwa mkono," alisema Simai mwisho.

"Kwa mkono."

"Yote haya?"

"Na bahari ya Tumbatu pia. Umeiona nilivyoipinda?"

"Nimeiona," alisema Simai. "Ndiyo iliyonifanya nipige simu."

Ingekuwa vizuri kusema kwamba baada ya hapo Simai alikaa akifikiria mapenzi. Alikaa akifikiria fonti. Jambo moja halikumtoka: kwa nusu siku aliamini kwa dhati kwamba Unguja kuna fonti ambayo Dar haimo, na akajiuliza, kama ingekuwa kweli, ingefanyaje kazi? Programu iko Dar. Ingeijuaje fonti iliyopo Unguja? Akatoa vitabu vilivyokuja na mashine, vile ambavyo hakuna aliyevifungua kwa kuwa vilikuwa vimepangwa vizuri kabatini, akavisoma kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kujua na si kama mtu anayetaka kusema amesoma. Kisha akapiga simu.

"Bi Rawiya, kosa liko kwako."

"Astaghfirullah! Umeamka hivyo leo?"

"Namaanisha kwenye mashine yako. Mjinga ni mimi. Sikiliza. Miye siku zote nlidhani programu inachora picha huku, kisha inaituma picha nzima kwako. Sivyo. Haitumi herufi. Inatuma amri tu: hapa andika Chwaka, kwa fonti fulani, kwa ukubwa fulani. Anayeandika ni mashine iliyo mbele yako, na inaandika kwa fonti zilizomo ndani yake yenyewe. Ikitajiwa fonti ambayo haina, inaweka kisanduku."

Rawiya aliigeuza habari hiyo kichwani. "Na kwako wewe ni sawasawa kwa sababu…"

"Kwa sababu nnakaa mbele ya mashine kubwa yenyewe. Programu hapo, fonti hapo hapo."

"Kwa hiyo miezi yote hii unajaza fonti Dar, na zinazohitajika ni huku."

"Nimejaza mpaka mashine imevimba."

"Na mimi nikakwambia kila siku kosa ni lako."

"Ulinambia."

"Na kosa lilikuwa kwangu."

"Lakini na mimi nlisema kosa la kioo," alisema Simai, "kwa hiyo tulikosea sote, kila mtu kwa upande wake."

Hilo lilikuwa neno la karibu zaidi na maneno matamu ambalo Rawiya alikuwa ameambiwa kwa miaka mingi.

Walijaribu kuzituma fonti kwa mtandao, lakini mtandao wa siku zile ulikuwa na tabia ya kuchoka. Ukifika nusu unakatika, na ukirudi umesahau ulikuwa unafanya nini. Simai akasema atazileta mwenyewe. Angeweza kuzitia kwenye bahasha akampa mtu wa boti. Hakuna aliyelitaja hilo.

Rawiya alikuwa amekwishamchora kichwani: sauti nzito kama ile lazima inatoka kwenye kifua kipana na tumbo la kuifuata. Aliyepanda ngazi za ofisi ya Vuga siku ya Jumatatu alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani mikubwa, mvi mbili tatu na shati lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Alisimama mlangoni akasema assalaam alaykum, na kila mtu akageuka kuona mtu mkubwa zaidi aliyesimama nyuma yake.

"Wewe ndiye Simai?" aliuliza Rawiya.

"Naam," alisema, na hapo hakukuwa na shaka.

Kazi haikuwa ya kishujaa. Alitia sahani ya CD, akazinakili fonti ndani ya mashine ya Rawiya, akaiambia mashine isome upya fonti zake, wakaifungua programu. Kisiwa kikaja polepole. Visanduku vilikuwa vimetoweka, na mahali pake palikuwa na vitu kama sisimizi waliokufa.

Ofisi nzima iliinama kutazama. "Herufi hizo," alisema Bwana Hisham. "Nadhani."

Rawiya aliweka kioo chake cha kukuzia, kile cha kazi ya wino, juu ya skrini. "Ni Chwaka," alisema. "Chwaka ya kusomwa na sisimizi mwenzake."

Simai hakuudhika. Alivua miwani akaifuta, akakaa tena. Fonti zile, alieleza, zilitengenezwa kwa ajili ya kioo cha aina nyengine. Mashine hii inadhani kioo chake ni kikubwa kuliko kilivyo, basi inazichora herufi kwa kipimo cha uongo. Akapima kioo kwa rula ya Rawiya, akaiandikia mashine vipimo vya kweli, akaizima na kuiwasha. Safari hii kisiwa kilipofunguka, majina yalikuwepo. Nungwi juu, Makunduchi chini, Chukwani imekaa pwani yake, Mwanakwerekwe ikisomeka yote bila kukatwa mkia. Watu wakasogea karibu, kama wanaosikia wanaitwa majina baada ya kusahauliwa.

"Si mbaya," alisema Rawiya. "Ila hiyo K inajinyoosha sana."

Simai akaomba kuiona ile fonti nyengine. Rawiya akachukua kalamu na kipande cha karatasi nzuri, akaandika neno moja: Jongowe. Hakuwahi kumuuliza kwao hasa ni wapi; alikuwa amelisikia likimponyoka mara moja kwenye simu. Simai alilitazama jina la kijiji chake mpaka wino ukakauka, akakunja karatasi akaitia mfukoni, akasema anaomba radhi, anahitaji kwenda kuswali adhuhuri.

Sasa mtu angetegemea Bwana Hisham afurahi. Alifurahi mpaka alasiri, alipopokea habari kwamba Mheshimiwa atakuja tena wiki ile ile kuutazama mradi, na ataleta wageni kutoka bara kuwaonesha ule mfumo wa usalama.

Alimfuata Simai akiwa amepauka. "Ndugu yangu. Hivi visanduku… haviwezi kurudi?"

"Kurudi?"

"Kwa muda tu. Siku ya ugeni."

Simai alimtazama Rawiya. Rawiya alitazama dari. Basi wakafanya, watu wazima wale, kazi ya kuharibu walichokitengeneza. Ilikuwa rahisi kuliko kutengeneza, kama kawaida ya mambo: folda ya fonti ikabadilishwa jina, mashine ikazikosa, na kisiwa kikarudi kuwa mji wa vijumba. Simai, ambaye alitakiwa arejee Dar, alisema ni bora abaki mpaka ugeni upite, endapo patatokea hitilafu. Hakuna aliyemuuliza hitilafu gani.

Mheshimiwa akaja na wageni wake. Akaeleza habari ya adui kwa ufasaha kuliko Bwana Hisham mwenyewe. Wageni wakastaajabu. Kisha Mheshimiwa akavuta kiti.

"Sasa zioneshe herufi. Nnataka kuona Chukwani, nna kiwanja changu huko."

Hakuna aliyewahi kumfikiria Mheshimiwa kama mtu mwenye kiwanja. Bwana Hisham alianza sentensi tatu tofauti na hakuna hata moja iliyofika mwisho. Ndipo Rawiya alipoinama kwenye kibodi. Alilirudisha jina la folda, akaiambia mashine isome upya kama alivyomwona Simai akifanya, akaifungua tena programu. Majina yakatokea.

"Hii ndiyo Chukwani, Mheshimiwa," alisema. "Na wala si usalama. Mashine hii ilikuwa haina herufi, sasa inazo. Bwana Simai huyu ndiye aliyezileta kutoka Dar."

Bwana Hisham alikuwa amefumba macho. Mheshimiwa alicheka, akafanya kama anampigapiga Rawiya begani, mkono ukibaki hewani kwa adabu, akawageukia wageni.

"Mnaona? Hata wafanyakazi wamefundishwa kutofichua siri!"

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya mwanzo. Kabla ya mwaka kwisha Bwana Hisham alihamishiwa wizarani kwa cheo kikubwa, kitengo cha usalama wa taarifa, na inasemekana aliifanya kazi hiyo vizuri, kwani hakuna taarifa yoyote iliyowahi kutoka kwake.

Posa ilikuja baada ya Mfungo Mosi, Ramadhani na Idi zimeshapita. Simai alimtuma kaka yake, Machano, mvuvi mwenye sauti nzito kama yake na kifua cha kuistahili. Bi Mwanakheir alimkalisha sebuleni Kiponda, akamtia kahawa, akamchunguza.

"Huyo nduguyo anafanya kazi gani?"

"Anatunza kompyuta, Bi Mkubwa."

"Ina maradhi gani?"

Machano akafikiri. "Nadhani hivi sasa imepata nafuu."

"Na anamjua mwanangu kwa njia gani?"

"Kwa simu. Waligombana karibu mwaka mzima."

Bi Mwanakheir alikunywa kahawa yake mpaka mwisho. Yule wa Maskati, alikumbuka, hakuwahi kugombana na Rawiya hata siku moja. Alikuwa na maneno mazuri mwanzo mwisho. Akamwita Rawiya, ambaye alikuwa nyuma ya pazia na alikuwa amesikia kila neno.

"Unamtaka?"

"Anasikiliza mpaka mwisho," alisema Rawiya. "Kisha anakubali alipokosea. Wallahi sijapata kumuona mwanamme mwengine wa namna hiyo, shangazi, sijui kama wapo."

Simai aliacha kazi Dar akahamia Kiponda. Mashine kubwa ikapewa kijana mwengine, na mradi wenyewe ulikufa mwaka uliofuata, siku wafadhili walipogundua nchi nyengine yenye matatizo mapya zaidi. Rawiya aliendelea kuchora ramani kwa kompyuta. Alikiri kwamba ni haraka, hakukiri zaidi ya hapo.

Ijumaa ya kwanza baada ya harusi, Bi Mwanakheir alilalamika kwamba televisheni yake inaonesha theluji, na theluji si kitu cha Unguja. Simai akapanda juu ya paa kuigeuza antena. Alasiri yote watu wa mtaa walimsikia akiuliza kutoka juu, "Sasa?" na kutoka ndani sauti mbili za kike zikijibu, "Bado!" Akageuza tena, akauliza tena. Hakuchoka wala hakupaza sauti. Karibu na magharibi, msomaji wa habari akatokea, kichwa na mabega, anasomeka vizuri.

"Shuka!" aliita Rawiya. "Shuka, anaonekana!"

Akashuka, magoti yamejaa vumbi la chokaa, akaja kusimama mlangoni aone mwenyewe. Bi Mwanakheir alimsogezea kiti karibu kabisa na kioo, akamwambia akae.